Kadanganya kwenye mchezo wa Mafia, nimtumie hela ya dagaa? Jibu langu kutoka Ujiji

Mdogo wangu wa Tabora, nimekusoma mara mbili kabla ya kushika simu kuandika. Unasema mlikuwa mnacheza Mafia, ule mchezo wa kumtafuta muuaji aliyejificha kati yenu, kwenye kundi la WhatsApp, rafiki yako wa huku Kigoma akakuhakikishia usiku kucha kwamba yeye ni raia mwema, ukamtetea mpaka raia wawili wakatolewa kwa kura, kumbe muuaji ni yeye. Na Jumamosi unatakiwa umtumie hela ya mzigo wa dagaa. Unauliza utume, au ndiyo umeshaonyeshwa alivyo.

Waliokujibu kabla yangu wamegawanyika. Wapo wanaosema mchezo ni mchezo tu, wapo wanaosema mwongo ni mwongo popote. Mimi siko upande wowote kati ya hizo mbili, kwa sababu ya jambo nililolifanya mwenyewe na ambalo mpaka leo nalilipia.

Kuhusu Mafia sina maneno mengi. Mchezo huo ulianzishwa mwaka 1986 na Dimitry Davidoff, Chuo Kikuu cha Moscow, na mpango wake wote ni huu: wachache ni wauaji na wanajuana, wengi ni raia na hawajui kitu. Aliyepangiwa uuaji akisema ukweli, mchezo umekufa hapo hapo. Kwa hiyo kusema "mimi ni raia" ndiyo kazi aliyopewa. Ni kama utani wetu. Mtani akija msibani akaanza kumkejeli marehemu, hakuna mfiwa anayekasirika, maana kila mtu anajua yule amesimama wapi. Kwa hilo peke yake simlaumu rafiki yako hata kidogo.

Sasa langu. Dagaa wa Tanganyika huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikikolea hawafuati taa, mitumbwi inavutwa ufukweni, na pale Katonga watu wanakuwa na siku kadhaa za kupumzika. Ni siku hizo ndipo jamaa yangu mmoja, aliyekuwa akinipa mzigo, alinifundisha mchezo unaoitwa Diplomacy. Tuliucheza mtandaoni na watu wa nchi nyingine, zamu moja kwa siku, kwa hiyo hata bando dogo lilitosha.

Ulibuniwa na Mmarekani Allan Calhamer mwaka 1954 na kuanza kuuzwa 1959. Ramani ni ya Ulaya, mwaka wa kuanzia ni 1901, mataifa saba. Hakuna dadu wala karata, hakuna bahati. Jeshi moja haliwezi kuling'oa jeshi jingine moja, mpaka lisaidiwe na la pembeni, na mwanzoni wengi wana majeshi matatu tu. Bila jirani wa kukuunga mkono huendi popote. Mnaongea faraghani mnavyotaka, kisha kila mtu anaandika amri zake kwa siri, na zote zinafunguliwa kwa pamoja. Katikati ya ulichoahidi na ulichoandika hakuna hakimu. Kwenye bao kete zote ziko wazi mbele ya macho, ndiyo maana huwezi kumdanganya mtu kwenye bao. Huku ni kinyume chake.

Mimi nilikuwa Ujerumani, jamaa yangu Ufaransa. Tukakubaliana jimbo la Burgundy, lililo mpakani mwetu, libaki tupu, lisiingiwe na yeyote. Akaliheshimu miaka mitatu ya mchezo, nami nikaliheshimu. Majeshi yake yakaenda mbali kupigana na Mwingereza na Mwitalia, Paris ikabaki haina mlinzi. Usiku wa kabla ya zamu ya majira ya kuchipua ya 1904 akaniandikia: "Mbona una jeshi Munich na jingine Ruhr? Unataka nini huko?"

Yote mawili yanapakana na Burgundy. Ningeweza kumjibu kimchezo. Ningesema namwogopa Mrusi, akaamini au asiamini. Badala yake niliandika hivi, nakumbuka kila neno: "Ndugu yangu, mzigo wa mwezi uliopita ulinipa mali kauli, sikukupa hata senti, nikaupandisha treni, nikauuza Tabora, nikakurudishia yote. Mtu wa namna hiyo akuzunguke kwa ajili ya ramani?"

Akajibu, "Basi, yameisha." Amri ya kuingia Burgundy nilikuwa nimeshaiandika tangu mchana. Msimu uliofuata nikachukua Paris, mwaka uliofuata Marseilles, na mwishowe nikafikisha vituo 18 kati ya 34, yaani yale majimbo yanayohesabiwa kwenye ramani, na 18 ndiyo ushindi.

Hakugomba, na alinipongeza. Giza lilipoanza, mitumbwi ikarudi ziwani, nikaenda Katonga kuchukua magunia kumi kama kawaida. Akaniambia kwa upole kabisa, "Kaka, safari hii tuanze na hela." Nilikuwa na mtaji wa magunia manne. Mpaka leo nachukua manne. Na zamani alikuwa anaweka hela zangu mfukoni bila kuzitazama, siku hizi anazihesabu nikiwa nimesimama.

Nilikasirika kwanza. Nikajiambia mbona yule wa Italia nilimdanganya mara mbili na bado tunacheza naye vizuri? Ilinichukua muda kuona tofauti. Mwitalia nilimdanganya kwa maneno ya mchezo. Jamaa yangu nilimdanganya kwa mali kauli yake. Kauli yangu ya biashara niliiweka rehani kwenye ramani, mchezo ukaisha, rehani ikaenda.

Baadaye nilisoma utafiti uliotolewa mwaka 2015 na Vlad Niculae na wenzake watatu huko Marekani, waliochambua ujumbe wa wachezaji wa Diplomacy mtandaoni. Waliona kwamba usaliti unapokaribia, mizani ya maneno kati ya marafiki wawili hubadilika ghafla: maneno mazuri, adabu, na nani anaongelea mipango ya mbele. Nikarudi kwenye ujumbe wetu. Siku zote nilikuwa namwita "wewe bwana". Siku nne za mwisho ni "ndugu yangu" kila mstari. Ilikuwa imeandikwa pale, na hakuiona, kwa kuwa mtu hapimi maneno ya mtu anayempa mzigo bila hela.

Na wanaosema bila uongo huwezi kushinda michezo hii, si kweli. Mwaka 2022 kampuni ya Meta ilitengeneza programu iitwayo Cicero, ikacheza Diplomacy mechi 40 na binadamu, ikawa kwenye asilimia 10 ya juu ya waliocheza zaidi ya mechi moja. Waliounda walijitahidi maneno yake yaendane na hatua ilizokusudia kweli. Watafiti wengine walibisha baadaye kwamba hata hivyo ilidanganya, na nadhani wana hoja. Lakini haikufika pale kwa kumzunguka kila mtu, maana anayefanya hivyo hapati wa kumsaidia.

Kwa hiyo mdogo wangu, fungua kundi lenu, soma upya alichokuandikia. Kama alisema "mimi ni raia, tazama nilivyopiga kura," mtumie hela yako na mwezi ujao mcheze tena. Kama alitaja dagaa anazokuletea, au mama yake, au alisema "Wallahi", hapo usitume bado. Huku Ujiji kiapo cha Mungu hakichezewi, hata watoto wanalijua hilo. Mpigie, siyo ujumbe, mpigie, umwambie hasa neno lililokuuma. Mimi sikuambiwa, niliona tu hela zinahesabiwa. Akielewa, anza na nusu ya mzigo. Akicheka, tafuta mtu mwingine wa kukuletea dagaa, wapo wengi Kibirizi.

Ukishasoma, rudi hapa uniambie aliapia nini.