Maji ya sukari kwa nyuki wakati wa kiangazi

Ndugu yangu wa Magu, nimekuelewa: umerina masega yote, kiangazi cha Juni kimeingia, unahofia nyuki watahama kwa njaa. Watahama kweli! Mimi waliniachia mzinga mtupu.

Wazungu huwapa kilo 2 za sukari kwa lita 1 ya maji kabla ya baridi kali. Kipimo hicho nakitumia hapa Mwanza. Sukari nyeupe, si ya guru. Chemsha maji, epua, ndipo ukoroge. Sukari ikiungua inawadhuru. Yakipoa, weka ndani ya mzinga jioni, na vijiti vinavyoelea wasizame. Ukimwaga nje unaita sisimizi, na nyuki wa jirani.

Usirine kipindi hicho, kilichomo kwenye masega ni maji yako ya sukari, si asali. Majana (watoto wa nyuki) yakioza na kunuka, mwite afisa nyuki wa wilaya.