Mpimeni kwanza, kisha mpigieni bashraf

Mhariri, swali lenu la wiki hii, kama mapumziko na muziki vinaweza kuwa dawa ya msongo wa mawazo na maradhi ya tumbo, limenigusa pabaya. Mtaani kwetu Ng'ambo, Unguja, kila anayelalamika tumbo huambiwa "punguza mawazo" kabla hajaulizwa anaumwa wapi, tangu lini na anameza dawa gani. Naomba basi nianze na lile ambalo hamkuliuliza: ushauri huo apewe nani, na wakati gani?

Zamani hata madaktari waliamini kuwa vidonda vya tumbo huletwa na mawazo na asidi iliyozidi. Mwaka 1982 Robin Warren na Barry Marshall, huko Perth, Australia, walimgundua bakteria Helicobacter pylori katika tumbo la binadamu. Mwaka 1984 Marshall akamnywa kwa makusudi, ukuta wa tumbo lake ukavimba, na mwaka 2005 wote wawili wakapewa Tuzo ya Nobel. Leo bakteria huyo hupimwa kwa choo na kutibiwa kwa antibiotiki pamoja na dawa ya kupunguza asidi. Sababu nyingine kubwa ni diklofenaki na aspirini, ambazo watu wetu humeza kwa maumivu ya mgongo kama peremende. Udi na ganuni, ala za nyuzi za taarab, haziwezi kumwondoa bakteria tumboni, na kumwambia mgonjwa wa namna hiyo akasikilize muziki ni kumcheleweshea tiba.

Mama yangu mkubwa, aliyekuwa akiuza urojo barazani, alicheleweshwa hivyo. Mwanawe alikuwa ameolewa karibuni na madeni ya harusi hayakuwa yamekwisha, kwa hiyo kila mtu aliridhika kwamba tumbo lake ni mawazo. Nakumbuka usiku mmoja baada ya Isha, amejifunga kanga kibwebwe chini ya kifua, amebana kweli, na sahani ya muhogo wa nazi iko mbele yake haijaguswa. Mumewe akatia kaseti ya bashraf, ile ya ala tupu inayofungulia taarab, ambayo vikundi vikongwe kama Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, vimeitunza pamoja na taathira zake za Misri na Uturuki. Hakuna mwimbaji ndani yake. Fidla, udi na ganuni hufuatana taratibu katika sauti moja, kisha huirudia. Mama mkubwa aliegemea ukuta, mabega yakashuka, akawa anavuta pumzi ndefu bila ya kuambiwa na mtu. Bashraf ilipofika katikati alikilegeza kibwebwe, akacheua, akavuta sahani na kuanza kula tonge dogo dogo. Kisha kaseti ikaingia wimbo wa mipasho. Maneno yake yalikuwa yaleyale aliyorushiwa na jirani kisimani wiki hiyo, na hapo hapo akaisukuma sahani, akakifunga kibwebwe upya, na usiku huo hakula tena.

Wakati ninaandika haya naona msimamo wangu unalegea, kwa sababu tukio hilo lina sababu zake mwilini. Mtu mwenye wasiwasi, mwili wake hujiandaa kupambana: tumbo huchelewa kushusha chakula, ilhali utumbo mpana huenda mbio, ndiyo maana mtu anaweza kuvimbiwa na kuharisha kwa wakati mmoja kabla ya kesi au mtihani. Neva ya vagasi, inayotoka kwenye ubongo kupitia shingoni na kifuani hadi tumboni, hufanya kazi kinyume cha hapo, na pumzi ya polepole, hasa ya kutoa iliyo ndefu kuliko ya kuingiza, huisaidia. Bashraf humpa msikilizaji mwendo wa pumzi hiyo. Mipasho humrudisha kwenye ugomvi, hata kama anaipenda.

Mama mkubwa alipopimwa hatimaye alikutwa na bakteria, akatibiwa, na ule moto wa tumbo uliomchoma usiku ukaondoka. Kuvimbiwa hakukuondoka, kulirudi kila mwenye deni alipobisha hodi, na kwa hilo vidonge havikumsaidia, ila kaseti ilimsaidia.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, ingawa nilikusudia kuandika hapana. Ni ndiyo kwa aliyekwisha kupimwa, ale akiwa ameketi, simu ikiwa mbali, na muziki uwe wa taratibu usio na maneno ya kumchoma. Anayetapika damu, anayepata choo cheusi kama lami au anayekonda bila ya sababu aende hospitali siku hiyo hiyo. Na kwa majirani zangu wasioona muziki kuwa jambo la halali, pumzi ndefu kabla ya chakula inaweza kuwafaa bila ya ala yoyote.