Mashine haioni maji: maneno kwa vijana wanaoanza kazi ya kupima visima

Wadogo zangu mnaoanza kupima maji huku West Nile na sehemu zingine za Uganda, naandika hii sababu kila msimu napokea vijana wametoka chuo, wanajua kufungua programu kwenye laptopu vizuri kabisa, lakini ukimuuliza hii ohm-mita 25 (kipimo cha ardhi inavyokataa umeme, namba ikiwa ndogo umeme unapita kirahisi) ni maji ama ni udongo wa mfinyanzi anakuangalia tu. Mimi nilianza kwa kuvuta waya na kupiga nyundo elektrodi, mashine nilikuja kuishika baadaye sana, na mengi nimejifunza kwa kukosea mbele ya watu wenye kiu.

Kwanza mjue mnasimama juu ya nini. Sehemu kubwa ya Uganda chini ni mwamba wa zamani mno, granaiti na naisi, na mwamba huo ukiwa mzima hauna maji. Maji yako kwenye lile jiwe lililooza juu yake, na kwenye nyufa za mwamba wenyewe. Basi kazi yako ni kutafuta mahali jiwe limeoza kwenda chini sana na hapo hapo mwamba umepasuka. Kisoro na upande wa mlima Elgon kuna mawe ya volkano, huko mambo ni mengine, usiende na kichwa cha Arua.

Sasa kitu ambacho nataka mkishike kuliko vyote: mashine ya resistiviti haioni maji. Inapitisha umeme ardhini, inasoma umeme unapita kwa shida kiasi gani, basi. Jiwe lililooza lenye maji linapitisha umeme, lakini mfinyanzi nao unapitisha, tena vizuri zaidi, na mfinyanzi hata ukilowa maji haukuachii, kisima kinabaki na tope. Mwamba mzima unakupa namba za elfu na zaidi, huo ni rahisi kuujua. Shida iko huku chini kwenye namba ndogo ndogo.

Kuna kijiji kimoja kati ya Arua na Koboko sitakisahau. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kupima peke yangu, mahali pako tambarare, udongo mweusi, nikafungua waya, grafu ikashuka vizuri mpaka ohm-mita 15 na kitu, nikafurahi nikaandika hapa ni namba moja. Ofisi iliyotutuma ilitaka vijiji vinne kwa siku kwa hiyo nilipima pointi moja tu nikaondoka. Rigi, yaani mashine ya kuchimba, ilipokuja wakachimba mfinyanzi mita 38 alafu mwamba mgumu mkavu mpaka 80, vumbi tupu linatoka, na kina mama walikuwa wamepanga jerikeni tangu asubuhi kwa foleni kabisa. Mwenyekiti wa LC, yaani baraza la kijiji, akaja akaniambia taratibu, mwanangu, sasa tuwaambie nini hawa. Niliumia sana. Ile grafu haikuwa mbaya, namba zilikuwa sahihi, ila mimi nilisoma namba sikusoma ardhi.

Kwa hiyo siku hizi siteremshi mashine kwenye gari kabla sijatembea. Natembea na mzee wa pale, namuuliza visima vya mkono viko wapi, ni kipi kinakauka Januari na kipi hakikauki, chemchemi inatoka wapi, miti gani inabaki kijani kiangazi kikikaza. Nyumbani kabla ya kutoka naangalia picha za satelaiti na ramani ya 1:50,000, natafuta ile mistari iliyonyooka ambapo mto unakata kona ghafla ama bonde linaenda moja kwa moja kilomita kadhaa, mara nyingi hapo chini mwamba umevunjika. Wizara ya Maji na Mazingira ina ramani za maji ya chini za wilaya na kumbukumbu za visima vilivyochimbwa, ziombeni, kisima kikavu cha jirani kinakufundisha kuliko semina.

Alafu unapiga profaili kwanza, yaani unakata ule mstari kwa kuuvuka, waya zina upana ule ule unasogea tu, unatafuta pale namba zinapozama. Ukishapaona ndio unaweka VES pale, yaani unabaki pointi moja unazidi kufungua waya ili usome chini zaidi, sio moja, weka mbili tatu ulinganishe. Na jamani msidanganyike kwamba ukifungua waya mita 100 kila upande basi umeona mita 100 chini, kina unachokiona ni kidogo kuliko hapo. Pia grafu moja inaweza kuwa na majibu mengi: tabaka la mita 10 lenye ohm-mita 20 na tabaka la mita 20 lenye ohm-mita 40 yanaweza kukupa mstari karibu ule ule, programu itachagua moja bila kukwambia. Hapo ndio kisima cha jirani kinakuokoa.

Vitu vidogo vya field: ukibadilisha upana wa MN (elektrodi mbili za ndani, zinazosoma) rudia kusoma kwa AB (zile mbili za nje, zinazopitisha umeme) ile ile ya mwisho, bila hivo grafu itaruka na hutajua ni ardhi ama ni wewe. Kiangazi elektrodi zimwagie maji ya chumvi. Kaa mbali na fensi za waya, mabomba ya chuma na nyaya za umeme. Na waya za A na B zikiwa na umeme ni hatari, mashine inaweza kusukuma volti mamia, watoto wa kijiji wanapenda kuja kushika, weka mtu kila upande anayewazuia, kabla ya kila kipimo mpigiane simu ama mpungiane mkono. Mkisikia radi kunjeni waya, hata kama imebaki pointi moja.

Upande wa hidrolojia ndio vijana wengi wanaruka, wanaona maji yametoka wanapiga picha wanaenda. Kisima cha pampu ya mkono kinatosha na lita kama mia tano mpaka elfu kwa saa, lakini cha mota na sola kinataka elfu kadhaa, na kinataka siku baada ya siku. Bidibidi, makazi ya wakimbizi huku West Nile, ilipofunguliwa Agosti 2016 watu walikunywa maji ya malori, baadaye ndio visima vya mota vikachukua mzigo, na kisima kinachobeba maelfu ya watu hakiwezi kuamuliwa na mtu aliyepampu masaa mawili. Fanya jaribio la kupampu ukipandisha kasi hatua kwa hatua, alafu la masaa 24 ama zaidi bila kuzima, alafu ukae upime maji yanarudi vipi, huko kwenye kurudi ndio kisima kinasema ukweli. Kama yanarudi pole pole na hayafiki pale yalipoanza, jua tabaka ni dogo. Na uangalie umepima mwezi gani, huku kaskazini mvua ni ndefu kuanzia kama Aprili mpaka Oktoba, kisima kilichopimwa Septemba kinakupa raha ambayo Machi haitakuwepo.

Maji yenyewe pelekeni maabara. Mengi ya huku yana asidi kidogo, pH ikishuka chini ya 6.5 mabomba ya GI, yale ya chuma kilichopakwa zinki, yanaliwa, maji yanatoka mekundu, watu wanarudi mtoni na kisima kizima kimekaa pale.

Na siku ya kuchimba uwepo. Panga sampuli za kila mita chini kwenye mstari, weka grafu yako pembeni, andika mita ambayo maji yameanza na mahali nyundo ya rigi ilipoenda haraka ghafla. Andika kwa penseli, wino unafutika kompresa ikianza kurusha maji.