Jibu: Mradi wa shule wa binti yangu, nimpe fundi autengeneze?

Dada wa Uyole, usimpe fundi. Umesema binti yako wa darasa la tano ameambiwa atengeneze mfano wa Mlima Rungwe, na unaona ni kupoteza muda wa kusoma. Hapo ndipo kusoma kwenyewe kulipo!

Mwambie aanze na vipimo. Rungwe una urefu wa zaidi ya mita 2,900 kutoka usawa wa bahari. Sentimita 1 ikiwa mita 100, mfano wake utakaribia sentimita 30. Sasa muulize: mji wa Tukuyu, ulio chini ya mlima huo kwenye mita 1,500 na ushee, utakaa wapi? Akiweka kidole karibu na nusu ya kimo, ameelewa skeli, kitu ambacho wengi tulikariri tu.

Udongo mwepesi wa bustanini utabomoka. Mtafutie wa kichuguu, achanganye na nyasi kavu zilizokatwakatwa, kisha aukaushe kivulini. Jua kali litaupasua. Ukipasuka, mwache auzibe mwenyewe, hata kama vidole vyako vinawasha kusaidia. Kazi yako ni kubeba udongo, kushika kisu na kuuliza maswali.

Najua wapo wazazi watakaopeleka kazi ya fundi iliyopakwa rangi ikameremeta, na inauma mtoto wako akionekana wa chini. Zungumza na mwalimu mapema, umwombe kila mtoto aeleze mbele ya darasa alivyotengeneza wake.