Kijana anatoka makao ya watoto Nakuru: aanzie wapi?

Dada, umeuliza kijana wako anayefikisha miaka 18 mwezi ujao atalala wapi akitoka makao. Kabla ya nyumba, kitambulisho! Cheti cha kuzaliwa, kinachotakiwa anapokiomba, akipate angali ndani, meneja akiwa bado anamjua kwa jina. Mimi nilitoka na begi na blanketi tu, kisha nikazungushwa miezi kutafuta mtu wa kuthibitisha mimi ni nani. Bila kitambulisho hakuna laini ya simu, HELB (mkopo wa serikali wa masomo) wala kazi ya maana.

Pili, mwende kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo wiki hii. Sheria ya Watoto ya 2022 inairuhusu mahakama kurefusha wajibu wa mzazi kupita miaka 18, kwa hiyo umuulize kama inamfaa, hasa kama bado yuko shule. Mwombe pia barua ya kueleza hali yake. Itamsaidia kwenye basari ya CDF (mfuko wa eneo bunge). Akijiunga na chuo cha ufundi, HELB hukopesha huko pia, si chuo kikuu tu.

Chumba? Mitaa ya Kaptembwo au Rhonda hapo Nakuru, akae na mwenzake aliyetoka naye, wagawane kodi. Deposti ndiyo huumiza, basi waombe makao wailipe kama zawadi ya kuagana (wengine hukubali ukiwabana kwa heshima). Asikope Hasla Fandi, mkopo wa serikali wa kwenye simu, ya kulipia kodi: siku 14 za kuirudisha zinafika kabla hajapata kibarua.