Prof ana h ngapi? Maswali yenu kuhusu watafiti na marejeleo

Wiki hii barua zimetoka kwa wanafunzi wa biolojia na jenetiki, na moja kwa daktari wa mifugo mwenye hasira. Nimeanza na iliyo rahisi.

Mwalimu, msimamizi wangu ameandika kwenye wasifu wake "h = 14". Ndiyo nini? – Mwanafunzi wa uzamili, Chiromo

Ni kipimo alichokibuni mwanafizikia Jorge Hirsch wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, mwaka 2005. Maana yake msimamizi wako ana makala 14 ambazo kila moja imerejelewa na makala nyingine mara 14 au zaidi. Tuseme una makala tano, zimerejelewa mara 40, 12, 6, 4 na 1. Hesabu kutoka juu: ya nne ina 4, ya tano haifikishi 5. Basi h yako ni 4. Sasa mchukue mwenzako mwenye makala moja iliyorejelewa mara 900, na mbili nyingine zenye 2 na 1. Yeye h yake ni 2! Ndiyo maana nikionyeshwa h, huomba na orodha yenyewe. Tena namba hii haishuki kwa uvivu. Mtu anaweza kulala miaka kumi nayo ikabaki palepale.

Mtafiti wa Kabete amehangaika na ndigana kali miaka 30. Mbona anazidiwa h na kijana wa Marekani anayechunguza saratani? – Daktari wa mifugo, Kikuyu

Hasira yako ina haki. Anayerejelea ni yule anayeandika. Wanaoandika kuhusu saratani ya binadamu ni jeshi zima, lakini wanaoandika kuhusu Theileria parva, kimelea cha ndigana kali kinachoenezwa na kupe na kuua ng'ombe wetu, ni wachache mno. Jenomu ya kimelea hicho, yaani DNA yake yote, ilichapishwa katika jarida la Science mwaka 2005, na watafiti wa ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, hapa Nairobi walikuwemo. Ni kazi kubwa. Lakini mfugaji wa Kajiado aliyechanja ndama wake haandiki makala. Ndama anapona, anakua, na hakuna anayehesabu.

Hata ndani ya biolojia, mbinu huwashinda wagunduzi. Makala ya Oliver Lowry na wenzake ya mwaka 1951 imerejelewa zaidi ya mara 300,000, nayo inaeleza tu namna ya kupima protini kwenye sampuli. Ile ya Watson na Crick ya 1953 juu ya umbo la DNA haiifikii hata kwa mbali. Kila aliyepima protini maabarani alimtaja Lowry. Kwa hiyo ukitaka kulinganisha watu, mlinganishe wa kupe na wa kupe, na uangalie wameanza kazi lini.

Makala yangu ya kwanza ina miaka mitatu, haijarejelewa hata mara moja. Je, nikate tamaa? – Kasarani

Watu watakutajia Mendel, mtawa aliyechapisha kazi yake ya njegere mwaka 1866 na kupuuzwa hadi 1900. Usijifariji naye. Yeye alipandishwa cheo mwaka 1868, akawa abate, bila yeyote kumuuliza h.

Fanya haya: andika jina lako kwa namna ileile kila mara, maana leo ukiwa J. Mwangi na kesho Mwangi Joseph, mitambo itakuhesabu watu wawili. Jisajili ORCID, daftari la mtandaoni la watafiti, upate namba yako, ni bure. Halafu watumie makala hiyo watu kumi wanaofanya kazi kama yako. Mimi niliona haya kufanya hivyo nikiwa kijana, na ilinigharimu.

Jarida limeniandikia: nilipe dola 150, nitachapishwa baada ya siku tano. – Umoja

Kaa na pesa zako. Siku tano hazitoshi hata kumpata mtaalamu wa kuikagua makala yako, sembuse aisome.

Nikijirejelea mwenyewe, inahesabiwa? – Hakutaka kutajwa

Kwenye Google Scholar, mtambo wa Google wa kutafuta makala za kitaaluma, ndiyo. Scopus, hifadhidata nyingine ya makala na marejeleo, ina kitufe cha kuyaondoa hayo, na wanakamati wa kupandisha vyeo wanajua kilipo.