Mashine ya kusikia ya mama inapiga mluzi na kuzima mchana. Tununue nyingine?

SWALI

Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 68, tunaishi Tanga. Tangu mwaka jana anavaa mashine ya kusikia, ile ya nyuma ya sikio, upande mmoja. Asubuhi inafanya kazi vizuri, ikifika saa nane mchana inazima, kesho yake asubuhi inarudi. Ikiwa hai inapiga mluzi. Betri hazimalizi hata wiki, ingawa mimi huzibandua stika zote za pakiti mapema ili mama asihangaike. Fundi simu kaniambia niifukie kwenye mchele. Sasa mama ameitia kabatini, anasema inampigia kelele tu. Tununue nyingine?

JIBU

Marahaba. Msinunue kwanza. Mashine inayozima mchana na kurudi asubuhi bila kutengenezwa, kwa joto na unyevu wa mwambao, dalili yake kubwa ni kwamba inalowa. Jasho la nyuma ya sikio linapenya, na mvuke wa sikioni unageuka matone ndani ya mrija unaopeleka sauti sikioni. Tone moja likiziba mrija, sauti haipiti. Usiku likikauka, mashine inasikika tena.

Ikizima tena, fanyeni hivi. Mtoe mama mashine, tia betri mpya, kisha ifumbate kwenye kiganja. Mashine nyingi zikifumbatwa hupiga mluzi, maana yake zi hai. Ikiwa kimya, chomoa mrija kwenye kikono cha plastiki kinachopinda juu ya sikio, uifumbate tena bila mrija. Ikilia sasa, mashine ni nzima. Tatizo liko kwenye mrija au kwenye kile kipande kinachoingia sikioni: ama maji, ama nta ya sikio. Ikibaki kimya hata hapo, ipelekeni kwa mtaalamu wa usikivu.

Ushike mrija mbele ya dirisha, utayaona matone kwa macho. Yapulize kwa kipira kipya, kikavu, cha aina ile ya kunyonyea kamasi za mtoto. Usipulize kwa mdomo, kwa sababu pumzi nayo ina maji. Kipande cha sikioni, kikiwa kimeshachomolewa, kioshe jioni kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, kikauke usiku kucha. Mashine yenyewe isiguse maji wala spiriti, ifute kwa kitambaa kikavu tu.

Kuhusu mchele, hapana. Vumbi na unga wake huingia kwenye vitundu vya maikrofoni. Tafuteni chembe za silika za kukaushia, hasa zile zinazobadilika rangi zikishiba maji, mziweke kwenye kopo lenye mfuniko unaobana. Kila usiku mama atoe betri, aache mlango wake wazi, aiweke mashine humo. Betri ibaki nje ya kopo, maana silika huikausha nayo. Vipakiti vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu mara nyingi vimeshashiba kabla havijafika nyumbani. Msiianike juani.

Sasa betri, na hapa ndipo pesa yenu inapopotea. Hizi ni betri za zinki zinazotumia hewa. Stika ndiyo inayozuia hewa isiingie, kwa hiyo ukiibandua betri inaanza kazi papo hapo, hata ikikaa mezani, na kuirudisha stika hakuisimamishi. Ukibandua pakiti nzima, zote zinakwisha kwa pamoja. Bandua moja siku ya kuitumia, iache dakika chache vitundu vikitazama juu, ndipo uifunge. Msiziweke kwenye friji, zitalowa. Na wajukuu wasizifikie kabisa: mtoto akimeza betri ni dharura, akimbizwe hospitali hapo hapo.

Mluzi ni sauti inayovuja na kurudi kwenye maikrofoni. Ziba kwa kidole tundu la kipande cha sikioni huku mashine inawaka. Mluzi ukikoma, uvujaji uko sikioni: kipande kimelegea, hakikukaa sawa, au sikio limejaa nta na sauti inagonga na kurudi. Ukiendelea, huenda mrija una ufa. Mrija ukiwa wa njano na mgumu umeshachoka. Kwa kawaida hubadilishwa kila baada ya miezi 3 hadi 6, na joto huuchosha mapema. Nta itolewe kituo cha afya. Pamba za vijiti huisukuma ndani zaidi. Mtandio unaobana juu ya maikrofoni nao huleta mluzi na mkwaruzo, basi mama aulegeze kidogo upande huo. Mafuta ya nywele na manukato yatangulie, mashine ivaliwe mwisho.

Mama kusema inampigia kelele, mwaminini. Uziwi wa uzeeni kwa kawaida hula kwanza sauti nyembamba, kama s, f na t, na kuacha a, i, u. Ndiyo maana mzee huchanganya saa sita na saa tisa: irabu anazipata, konsonanti zinamponyoka. Mkipaza sauti, mnaongeza kile ambacho tayari anakisikia, na mashine nayo inakikuza, ikawa kishindo. Mwiteni jina kwanza, mkae mbele yake karibu, nuru iwe usoni kwenu, mseme kwa sauti ya kawaida bila haraka. Zimeni redio mnapozungumza naye. Asipoelewa, msirudie maneno yale yale kwa ukali, yabadilisheni. Nimeona wazee wengi wakiziacha mashine nzima kabisa kwa sababu tu nyumbani hakuna aliyebadili namna ya kusema nao.

Aanze upya saa mbili tatu kwa siku chumbani pakiwa na utulivu, aongeze taratibu. Ubongo uliozoea ukimya huhitaji wiki kadhaa, wakati mwingine miezi, kuzoea tena sauti za vyombo na nyayo. Penye kelele nyingi, kama harusini, aivae mwisho kabisa.

Ila sikio likitoa usaha, likiuma, au usikivu ukishuka ghafla ndani ya siku moja au mbili, hayo si mambo ya mashine. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, na mchukue dawa zote anazotumia mkamwonyeshe daktari, kwa kuwa baadhi ya dawa, kama sindano za gentamaisini au kwinini, zinaweza kudhuru usikivu.